Sehemu Moja ya Elfu Mbili

Saa kumi na moja alfajiri, Kainuu,
digrii ishirini na tatu chini ya sifuri.
Raakel ananisindikiza hadi kibandani,
hatusemi, theluji inasema kwa niaba yetu.
Kisha anageuka peke yake, akipiga mluzi,
ili kunguru wahesabu aliyetoka
na wasijisumbue na aliyebaki.
Hila hii aliianza baba yake.
"Kunguru anajua moja," Eino alisema,
"mbili humchanganya."
Mimi sina hakika. Mara nyingine nadhani
wanajua, ila wanatustahi.

Ndani: kiti kilichong'olewa kwenye basi,
chupa ya chai, na chupa nyingine
ambayo si ya chai.
Tundu la lenzi limevikwa soksi ya sufu.
Nje, hatua thelathini, mbweha
aliyegongwa na gari la maziwa Jumamosi,
amefungwa kwa waya kwenye kisiki
asije akaondoka na mgeni.

Mvumilivu hula mbivu, wanasema.
Waliosema hawakukaa humu.
Humu mbivu ni mbweha, na mlaji si mimi.

Ukutani, kwa penseli, mwandiko wa Eino:
*Februari 12. Kipanga jike. Mawingu.*
*Machi 3. Hakuna.*
*Machi 4. Hakuna.*
*Machi 5. Hakuna, ila jua zuri.*
Miaka kumi na tisa ya hakuna,
imepangwa kama kuni za mtu mwangalifu.

Saa nne na robo kunguru wakanyamaza.
Tai habishi hodi kwa sauti yake,
hubisha kwa kuzima sauti za wengine.
Kivuli kikatangulia juu ya theluji,
kisha miguu, na sikuwahi kufikiri
kwamba huvaa suruali, manyoya hadi vidoleni,
kama mzee aliyetoka kitandani kufukuza mwizi.
Kucha zikashika.
Nyama iliyoganda ikalia kama ubao.

Kidole changu kilikuwa mbali, kimelala.
Nikakiamsha, kikaja kwa uvivu.
Na hapo akashuka wa pili, kijana,
mkia una utepe mweupe,
wakainuka kifua kwa kifua, kimo cha mtoto,
theluji ikiwazunguka kama unga uliomwagika,
na kamera ikatafuna, ikatafuna,
sehemu moja ya elfu mbili ya sekunde,
na nyingine, na nyingine,
vipande vyembamba visivyotosha hata pumzi.

Picha mia sita na kumi na moja.
Nitazitazama nyumbani, nimevua viatu:
bawa lililokatwa ukingoni,
jicho lenye ukungu,
kisiki, kisiki, kisiki,
na kunguru mmoja, chini kabisa pembeni,
akimchomoa yule jike unyoya wa mkia
wakati wakubwa wanagombana.
Hiyo ndiyo nitakayoipenda,
wala sikuikusudia.

Kijana akashindwa, akaenda zake.
Jike akala, akashiba, akaruka
hadi msonobari ulio juu yangu, akakaa.
Saa saba. Saa nane. Saa tisa.

Huruhusiwi kutoka mbele ya tai.
Akiona mara moja tu kwamba kibanda huzaa watu
harudi tena, na miaka kumi na tisa ya Eino
inakwenda na maji.
Basi nikakaa. Mguu wa kushoto ukafa ganzi,
wa kulia ukaufuata kwa udugu.
Mwanga ukapungua hadi kamera ikakataa kazi,
kwa adabu, kwa kitaa kidogo chekundu.
Nikabaki na macho yangu mawili
ya miaka sitini na minne.
Akajikuna shingo. Akatapika kidonge cha nywele,
kikaanguka juu ya paa: tap.
Sikuwa na namna ya kukipiga picha.

Giza lilipomchukua nikapapasa penseli ya Eino:
*Februari 20. Tai wawili. Kunguru ameshinda.*

Raakel akaja na taa. Hakuuliza kitu.
Alileta mkate wa shayiri, mgumu kama kwato,
tukautafuna njiani, tukitembea kama walevi.
Na kama kulikuwa na kunguru aliye macho,
alihesabu:
kaingia mmoja,
wametoka wawili.